Wewe Huna Kitenzi Chako

"Redio, habari za asubuhi. Jina lako, na unapiga kutoka wapi?"

"Tegan, wa Highfields. Nina swali kwa Murray."

Glenys, mpokeaji simu wa kipindi, aliegemea kiti, pai mkononi. Nyuma ya kioo, mumewe Murray Pascoe alikuwa hewani, akiifurahia sauti yake mwenyewe kama kawaida. Mji mzima wa Toowoomba, Australia, ulikipenda kipindi chake cha maneno. Leo alikuwa anakichambua kitenzi "abandon", yaani kutelekeza, pamoja na ndugu zake wote.

"'Desert' ni kutoroka huku una wajibu, kama askari anayekimbia kambi," alikuwa akisema. "'Jilt' ni kumtosa mchumba aliyekwisha kununua shela. Msichanganye, wapendwa wangu!"

Glenys akatabasamu. Miaka yote ile ya ndoa, na bado alimpenda mwanamume yule kijinga kabisa.

"Haya mpenzi, swali lako. Kwa kifupi."

"Nataka jina la kitendo alichonifanyia. Murray mwenyewe, huyo huyo anayeongea. Jana kanitumia meseji, 'Tusitafutane tena.' Basi! Nikipiga, simu haiingii."

Pai ikarudi kwenye sahani.

"Murray ana mke," Glenys alisema taratibu.

"Najua, dada yangu, usinihukumu. Mke wake amepooza. Hasemi, hata mumewe hamtambui. Tulikuwa tunasubiri... Mungu anisamehe, tulikuwa tunasubiri apumzike. Lakini sikumchukia! Kila Jumamosi nilimwokea keki ya karoti, Murray ampelekee. Sikutia njugu, asije akapaliwa."

Keki ile alikuwa anaila yeye, kila Jumamosi jioni. Murray alisema anainunua kwenye klabu ya gofu. Siku moja Glenys aliuliza mbona hao watu wa klabu wanabania njugu, na Murray akacheka mpaka machozi, akambusu kwenye paji la uso. Kumbe alikwisha kumzika, huku yeye yu hai anamfulia soksi.

"Dada, upo?"

"Nipo. Usikate, nakuunganisha."

Kwenye skrini ya Murray akaandika tu: mama mmoja, Highfields. Mbele yake kulikuwa na kitufe chekundu. Maneno ya wapigaji yalicheleweshwa sekunde chache kabla ya kwenda hewani, ili mtu akitukana, Glenys akibonyeze na kuyafuta.

"Mama wa Highfields, karibu!"

"Murray, ni mimi."

Murray akageukia kioo kwa haraka, akapitisha kidole shingoni: Futa! Glenys akafumbata mikono, akamtazama. Sekunde zikapita, mji ukasikia.

"Nimekusubiri mpaka ujana umeniishia," Tegan alisema. "Wewe bingwa wa maneno, niambie. Umenitelekeza au umenitosa?"

Angeweza kusema lolote, hata samahani. Lakini Murray akiwa hewani hakubali kushindwa.

"Sikujui, mama. Ila tuchukulie ni kweli." Akacheka kidogo. "Anayetelekezwa ni mtu uliyekuwa na wajibu naye. Anayetoswa ni mchumba. Wewe hukuwa mke wala mchumba. Kwa hiyo, pole sana, wewe huna kitenzi chako."

Tegan akaangua kilio. Glenys alitaka kumchukia, ikashindikana. Akafungua kipaza sauti chake.

"Tegan, mpenzi. Mimi ni Glenys, mke wake. Asante kwa keki."

"Wewe... unaongea? Si umepooza?"

"Naongea, natembea, na pai nakula."

"Jamani! Mimi nilikuwa nakuombea ufe upesi usiteseke!"

"Nashukuru. Na mimi ningekuombea, kama ningejua upo."

Akaweka wimbo. Murray akaja mbio, jasho linamtoka.

"Umeniua, Glenys! Mji mzima umesikia!"

"Ulianza wewe kuniua."

"Yalikuwa maneno tu! Sikiliza, tutasema ulikuwa mchezo wa kuigiza. Wewe niunge mkono, useme neno moja tu. Mke wangu, nakuomba."

"Mke wako hasemi, Murray."

Akachukua funguo za gari. Taa za simu zilikuwa zinawaka zote kwa pamoja.

"Unakwenda wapi? Kipindi bado! Nani atapokea simu?"

"Pokea mwenyewe."

Garini akafunga mlango. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Alipoweza kupumua, akawasha redio. Wimbo ulikuwa umekwisha. Murray akakohoa.

"Tu... tunaendelea. Mpigaji wetu anayefuata, karibu."

"Murray," ilisema sauti ya kikongwe, "mimi mama yako. Nani amepooza?"