Kiti Kilichotembea

Likizo ile Msumari alikuwa na kazi mbili za asubuhi. Ya kwanza ilikuwa kufagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi seremala. Ya pili ilikuwa kujitwika kiti kichwani, kuvuka barabara na kukipeleka nyumbani kwa Shangazi. Jioni kiti kilirudi, safari hii kichwani kwa Shangazi mwenyewe. Kesho yake kikaenda tena. Ilifika mahali majirani wakawa wanakisalimia kiti kabla ya aliyekibeba.

Jina la Msumari alipewa na baba yake kwa sababu alikuwa binti mwembamba, na akishaingia katika jambo, kumtoa mpaka utafute koleo.

“Kaka, nimekwambia kiti hiki sikitaki,” Shangazi alisema jioni moja, akikitua mlangoni pa karakana.

“Si rushwa, dada yangu. Ni salamu tu.”

“Salamu gani hizi zenye miguu minne?”

Fundi akajifanya anatafuta penseli ambayo ilikuwa sikioni mwake.

Shangazi alikuwa afisa ununuzi wa halmashauri, yaani ndiye aliyesimamia vitu vyote vilivyonunuliwa kwa fedha za umma, kuanzia mifagio hadi magari. Aliyemtangulia katika kazi hiyo alikuwa mzee mmoja mkarimu sana wa kupokea. Kila mwaka fundi alimpelekea samani moja ya salamu, na kila mwaka fundi alipata kazi. Nyumba ya mzee yule ilijaa makabati hata mkewe akawa anapita ubavu ubavu. Sasa mzee amestaafu, na sheria za ununuzi nazo zimebadilika.

“Safari hii halmashauri inataka madawati ya shule zote za mjini,” Shangazi alieleza. “Kila anayeomba kazi ataleta dawati moja la mfano. Halitakuwa na jina wala alama. Litapewa namba getini, kisha litapimwa mbele ya watu. Wanaopima hawatajua ni la nani. Na zawadi ni marufuku, hata iwe kijiko.”

“Hata alama yangu ya kifaranga?” fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

“Hata kifaranga.”

Hapo fundi aliumia. Kila kitu alichokitengeneza alikichonga kifaranga mdogo upande wa chini. Hata hivyo alitii. Aliihitaji mno kazi ile. Karakana haikuwa na oda nyingine, na vijana wawili aliokuwa akiwafundisha useremala wangelazimika kufungasha virago na kurudi kwao. Msumari aliwapenda vijana wale kama kaka zake, ingawa mmoja alikoroma na mwingine alimwibia karanga.

Dawati lilipokamilika, lilikuwa imara na laini, lakini mgongoni na chini halikuwa na kitu. Msumari alilizunguka, akalionea huruma. Kisha akafikiri: Shangazi ndiye atakayechagua. Atalijuaje dawati la kwetu?

Asubuhi ya kupeleka, baba yake alipotoka kwenda kukodi mkokoteni, Msumari alichukua patasi, akaingia chini ya dawati na kuchonga kifaranga. Alichonga upesi, kwa hiyo kifaranga alitoka na mguu mmoja. Alijua Shangazi atamtambua tu.

Uani kwa halmashauri yeye na baba yake walikuta wenzao wamefika. Aliyeonekana kuliko wote alikuwa mfanyabiashara ambaye watu walimwita Bwana Vanishi, kwa kuwa mbao zake zilikuwa za mashaka lakini zilimeta kwa vanishi. Dawati lake lilikuwa chini ya shuka jeupe. Alimzuia kila mtu asiliguse.

Karani wa getini alipanda juu ya kreti, akasoma masharti. “Mlango utafungwa saa nne kamili. Dawati litakalokutwa na jina, alama au picha yoyote, litatolewa nje ya mashindano, na mwenye nalo hatasikilizwa.”

Msumari alitazama dawati lao, lililokwisha kubandikwa namba. Akamtazama baba yake, aliyekuwa akilipangusa kwa kiwiko cha shati na kutabasamu peke yake. Akinyamaza, huenda wasichungulie chini. Wakichungulia, baba atafukuzwa mbele ya watu na hatajua kosa lake. Alimvuta shati.

“Baba, chini kuna kifaranga.”

“Kifaranga wa nani?”

“Wa kwetu. Nimemchonga mimi, ili Shangazi atujue.”

Fundi aliinama, akachungulia. Alipoinuka hakupiga kelele. Alikwenda kwa karani na kusema, “Ndugu yangu, dawati langu lina alama. Naweza kuifuta?”

Karani alitazama saa ya ukutani. “Kabla mlango haujafungwa, ni lako, rekebisha utakavyo. Ukifungwa, hata ulie machozi ya damu sikufungulii.”

“Randa,” fundi alimwambia bintiye. “Kimbia.”

Msumari alikimbia. Alipokata kona ya stoo ya halmashauri, nusura amgonge Shangazi, aliyekuwa amesimama katikati ya mifagio mipya, akivuta kila mmoja nywele kuona kama zinang’oka.

“Shangazi? Si uko ndani unachagua madawati?”

“Nichague vipi na kaka yangu amo? Nilijitoa mapema, ndiyo sheria. Nimeletwa huku kupokea mifagio. Kwani kuna nini?”

“Nitakwambia baadaye,” Msumari alisema, miguu ikiwa imeshaondoka. Njia nzima alijisonya. Kifaranga wake mwenye mguu mmoja hakuwa na mtu wa kumtambua mle ndani. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwafukuzisha.

Alirudi na randa mkononi na pumzi mdomoni. Fundi alilipindua dawati akaranda, maranda yakaruka hadi kwenye viatu vya karani. Kifaranga alipotea. Waliliingiza ndani, na mlango ukafungwa nyuma ya visigino vyao.

Wote walioleta madawati walikaa benchi la nyuma ukumbini, wakiwa wamekatazwa hata kukohoa. Wapimaji waliyaburuta madawati, wakayamwagia maji, wakawakalisha watoto na kuwaamuru wasitulie. Watoto walitii vizuri sana. Dawati la fundi lilipopigwa teke, fundi alikunja uso utadhani kapigwa yeye.

Kisha mwenyekiti wa wapimaji, mwalimu mkuu mwenye mwili wa kutosha, alikaa kwenye dawati lililokuwa likimeta kuliko yote. Alisukuma meza, akajiegemeza, akaandika alama. Alipotaka kusimama, dawati nalo likasimama naye. Vanishi haikuwa imekauka. Wapimaji wawili walimshika mikono na watatu wakavuta dawati, na kitambaa cha suruali kikabaki pale kiwe ushahidi. Kwenye benchi la nyuma, Bwana Vanishi alikuwa akiichunguza dari ya ukumbi kwa makini.

Baada ya wiki moja matokeo yalibandikwa ubaoni, kila namba na alama zake na sababu zake. Kazi iligawanywa mafungu ili mafundi wadogo nao wapate. Fundi alipata fungu la shule za upande wao. Kwenye namba mojawapo paliandikwa sababu fupi: “Halimwachii mkaaji.”

Jioni ile wale vijana wawili walifungua virago ambavyo walikuwa wamekwisha kuvifunga. Shangazi alifika karakana, na Msumari alimsimulia yote.

“Ulichonga ukidhani unasaidia,” Shangazi alisema, “na ulikosea. Lakini ulisema mapema, mbele ya watu, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Hilo ndilo lililoiokoa kazi ya baba yako, si kifaranga wala si mimi.” Kisha akamgeukia kaka yake na kukielekezea kidole kile kiti pembeni. “Na wewe, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kiti chako ni kizuri. Mbona ulikitembeza barabarani wiki nzima kama kibaya?”

Fundi alicheka hadi penseli ikamdondoka sikioni.

“Sasa niuzie,” Shangazi alisema, akifungua mkoba. “Bei ile ile unayomwuzia kila mtu. Na uniandikie risiti.”

Msumari ndiye aliyejitwika kiti kuvuka barabara kwa mara ya mwisho. Majirani walikisalimia, wakauliza kitarudi saa ngapi.

“Hakirudi,” Msumari alijibu. “Safari hii kimenunuliwa.”