Ubeti Ambao Mama Hakuuimba

Wimbo ulirefuka. Ndivyo mambo yalivyoanza. Na mimi, ambaye kwa visa vya majini bado sijaona wa kunifikia, sijapata kusikia jini lililoingia kwa adabu kama hili.

Mchora ramani mmoja wa majumba alifiwa na mkewe. Kilichobaki ni sauti: nyimbo za kumbembeleza binti yao, Kidoti, alizorekodi marehemu akiwa mgonjwa kitandani. Mgane akazipakia kwenye folda ya mtandaoni ili ndugu nao wasikilize. Sasa, ofisini kwake ramani huachwa wazi, kila mwenye kiungo aongeze mstari wake. Mkono ukafuata mazoea: badala ya ruhusa ya kusikiliza tu, akaweka yeyote mwenye kiungo aweze kuhariri. Na kiungo mikononi mwa ndugu huzunguka kuliko umbea.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyegundua. Akampigia simu, akamuuliza kwa kunong'ona dada aliuimba lini ule ubeti wa mwisho. Mgane akadhani anataniwa. Akasikiliza. Sauti ilikuwa ya mkewe, na kikohozi chake, ila nyuma yake maji yalidondoka, na ubeti ulimwita Kidoti akalale kule kwenye ubaridi.

Tangu hapo chumba cha mtoto kikanuka udongo mbichi, naye akasusa chakula, akawa anashinda amepiga magoti ukutani, sikio kalibandika, akiimba ubeti ule kwa pumzi fupi, mwili ukimpoa kama chungu kilichoepuliwa, huku baba akifunga ruhusa na kuifunga tena, na nyimbo zote, hata zile zilizobaki kwenye simu yake, zikiwa zimeota ubeti uleule.

"Kufunga mlango mgeni akiwa ndani ni kumfungia humo," alisema mganga aliyeitwa nyumbani, bibi mkavu wa maneno. "Ameshakaa kwenye sauti. Zifute zote."

"Bibi, nikizifuta, mama yake simsikii tena."

"Usipozifuta, mwanangu, utakuwa na sauti mbili za kusikiliza."

Akafuta wimbo mmoja mmoja, bibi akinuizia begani pake, hadi ukuta ukaguna na harufu ikakatika. Kidoti akapata joto, akaomba chakula.

Wakati wa kulala akamvuta baba shati. "Mama haimbi leo? Basi imba wewe."

Baba akafungua kinywa. Akazitafuta beti za mkewe, hata moja isije. Uliokuja ni ule wa mwisho tu, wote, bila kukosea neno. Akajiziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia mwanawe, wakalala kimya.