Nguzo ya Tatu

Baba yangu mdogo, Clavery, alikuwa mwashi hodari, mzaliwa wa Kamachumu. Mwaka 1974 alipata kazi ya kujenga maktaba ya serikali pale Nyanga, Bukoba. Ramani ilitoka Dar es Salaam: ukumbi mpana wa kusomea, madirisha marefu yanayotazama ziwa, nguzo nne katikati. Aliipenda ramani ile.

Nguzo ya tatu iliangukia kaburi la mzee Mwijage, ndani ya kibanja cha migomba alichonyang'anywa mjane wake, Ma Anatolia. Mama yule aliomba siku moja tu, aite padri, ahamishe mifupa.

"Ramani imeshagongwa muhuri," alisema msimamizi, Nathanieli.

Ma Anatolia akapakiwa kwenye lori, akapelekwa kijiji cha ujamaa huko Muleba. Clavery akachimba msingi. Alipofikia kitambaa cha gome la mti alichozikwa nacho marehemu, alisimamisha sururu.

"Mwaga zege," Nathanieli alinong'ona.

Alimwaga.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, jua likiwaka, alikuwa peke yake akiipiga lipu nguzo ile. Lipu haikushika. Akaegemeza kiganja. Nguzo ilikuwa ya moto, kama mwili wa mtu mwenye homa. Akaweka sikio.

Ndani walikuwa wakiongea watu wawili, kwa Kihaya, taratibu.

"Nani ametufungia humu?" aliuliza mwanamume.

"Clavery," alijibu mwanamke. "Yule mwana wa Josia."

Sauti ile aliifahamu. Alikwisha kula ndizi za mama huyo. Jioni habari ikaja: Ma Anatolia amefariki kijijini, asubuhi ile ile.

Alimsihi Nathanieli nguzo ibomolewe. Nathanieli akaigusa. Akauondoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali. Hakubisha.

"Ongeza lipu," alisema. "Wageni wanakuja Jumamosi."

Wakaja, wakahutubia, wakapigiwa makofi. Jina la mjane halikutajwa.

Baba mdogo hakushika tena mwiko. Hata nyumba yake ya matofali aliikimbia. Alilala jikoni, juu ya nyasi, hadi alipofariki miaka saba baadaye.

Matanga yalipokwisha nilikwenda maktaba ile. Mtunza vitabu, Klaudia, alinionyesha viti kando ya nguzo ya tatu. Miaka yote, alisema, kila afunguapo mlango asubuhi huvikuta viwili vimegeuzwa, vinaitazama nguzo.

"Tangu Jumanne ni vitatu," alinong'ona.

Jumanne tulimzika Clavery.