Mtoki Haupigwi Pasi

Mimi ndiye niliyeokoa mguu wa mume wangu. Nimelisema hilo miaka mingi, na wajukuu zangu wanaliamini. Ila kusema kweli, aliyepuliza mkaa wa pasi pia ni mimi.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma cha kulala. Kila asubuhi niliamshwa na cherehani yake ya miguu. Taka-taka-taka, kimya kidogo akigeuza pindo, kisha taka-taka-taka. Chumba kilinukia kitambaa kipya na mvuke wa pasi. Chaki ilimjaa hadi masikioni. Siku hizi nyumba imetulia, nami huamka nimechelewa.

Mwaka mmoja, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, alikuwa na sare thelathini na sita za kushona. Akakanyaga msumari wenye kutu kwenye mlango wa nyuma.

"Kidogo tu," akasema. Akafunga kitambaa, akarudi kazini.

Siku ya tatu cherehani ikanyamaza mchana kweupe. Nikatoka jikoni. Fundi alikuwa ameshika kinena, uso umekunjamana kama shati lililolaliwa.

"Kulikoni, Fundi?"

"Mtoki, mke wangu. Umetoka hapa. Mgumu kama kifungo cha koti."

"Na kidonda?"

"Achana na kidonda, kimeshafunga. Adui ni huu mtoki. Niletee pasi."

Mnacheka. Lakini kwa mume wangu, kila kilichovimba kilinyooshwa kwa pasi: kola, mfuko, pindo. Nami nilikuwa na akili zangu za wakati ule. Nikapuliza mkaa. Yeye akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya mtoki, akashusha pasi.

Ukelele alioupiga sijausikia tena. Kuku wa jirani waliacha kutaga siku mbili.

Wa kwanza kufika alikuwa nesi wa zahanati. Tulimwita Bi Mizani, kwa sababu ndiye aliyepima uzito wa watoto wetu wote. Alikuwa njiani kuja kuchukua gauni lake. Akaitazama pasi. Akamtazama Fundi, aliyejisitiri kwa kaptura ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Nani kasema mtoki unapigwa pasi?"

Fundi akaninyooshea kidole. Nami nikamnyooshea yeye.

Bi Mizani hakucheka. Akafungua kitambaa cha mguuni. Kidonda kilikuwa kimefunga juu, lakini ndani kina usaha, na wekundu umeanza kupanda.

"Fundi, ukiuchezea mguu huu, utaukosa."

Mguu huo ndio ulioendesha cherehani. Ndio uliotulisha.

"Basi nikatieni huo mtoki!" akalia Fundi.

"Umkate anayekusaidia? Hebu nikuulize. Ukienda dukani kutafuta uzi wa gauni la mteja, unabeba gauni zima?"

"Kwani mimi mwehu? Nakata kipande kidogo, nakwenda nacho."

"Ndivyo mwili unavyofanya. Umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno. Baadhi ni walinzi, wanakaa kwenye ngozi. Vijidudu vilipoingia na msumari, walinzi walivimeza, wakavikatakata. Vipande wakavivaa kwa nje, vionekane. Wakasafiri navyo mpaka kwenye mtoki."

"Kufanya nini?" nikauliza.

"Kuvionyesha, shoga yangu. Hapo hupita seli askari, zinaitwa seli T. Ni nyingi ajabu, na kila askari anatambua umbo moja tu la kipande. Huyu anakitazama kipande, anapita. Yule anatazama, anapita."

"Kama uzi," akasema Fundi polepole. "Kijani hiki, hapana. Kijani kile, hapana. Mpaka upate wenyewe."

"Umenipata. Lakini bado askari hanyanyuki. Mlinzi lazima atoe na ishara ya pili, ya kusema kuna hatari. Mtu akikupa kipande asiseme anataka nini, utashona?"

"Nitamuuliza kama ni mzima."

"Basi hivyo ndivyo mwili unavyojizuia usijipige wenyewe. Ishara zikitimia, askari yule anazaliana. Mmoja anakuwa maelfu. Wengine wanaua seli zilizovamiwa, wengine wanasaidia kutengeneza silaha. Ndiyo maana mtoki umevimba. Umejaa watu wako kazini, Fundi, nawe umewapiga pasi!"

Fundi akautazama mtoki wake kwa aibu. "Kama wapo kazini, niende zahanati kufanya nini?"

"Kazi yao inachukua siku, na vijidudu havingoji. Kidonda kisafishwe. Unywe vidonge mpaka viishe, hata ukijisikia umepona. Na uchomwe sindano ya pepopunda, ugonjwa unaokaza taya mpaka mtu ashindwe kumeza. Sindano inawaonyesha askari sura ya adui bila madhara yake. Wengine hubaki miaka mingi, wanamkumbuka. Ila urudi mpaka sindano zitimie tatu."

Fundi, aliyeshika sindano tangu utoto, alibadilika rangi.

"Twende," nikamwambia. "Au nipulize mkaa tena?"

Akaenda. Hapo ndipo nilipomwokoa.

Sare kumi na moja zilichelewa, na hakuna mtoto aliyekufa kwa hilo. Kidonda kilioshwa kila siku, vidonge viliisha. Mtoki ukanywea wenyewe. Asubuhi moja nikasikia taka-taka-taka. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Sindano ya pili alikwenda. Ya tatu alikwenda. Siku iliyofuata alikaa na wateja watatu, kifua mbele.

"Sindano? Sikutikisika! Hata jicho sikufumba. Nilikuwa nampigia nesi soga tu."

Wateja wakatikisa vichwa kwa heshima. Mara Bi Mizani akaingia. Akaweka mezani mto wa zahanati. Ulikuwa umechanika pembeni, pamba nje, na alama za meno zimeuzunguka nusu duara.

"Nishonee huu, Fundi," akasema. "Na ile pamba uliyomeza, utanirudishia mwenyewe."