Tangazo la Magodoro Ukumbini

Saa kumi na nusu alasiri, siku ya Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi mmoja wa harusi huko Msambweni, Hanifa alifungua kikasha cha mkufu wa marehemu mama yake akakuta kitambaa cha mahameli peke yake. Alikipindua kikasha, akakitikisa, kana kwamba mkufu mzito namna ile ungeweza kujibanza kwenye pindo. Kisha akaketi na vazi lake lote la bibi harusi, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, mkufu haupo."

Shangazi yake, Bi Mwanaima, hakuwa mtu wa sauti ndogo. Dakika moja baadaye ukumbi mzima ulijua kwamba dhahabu imeibwa, na dakika ya pili ulijua aliyeiba ni nani. Alikuwa Caroline, mpambaji aliyeletwa kutoka Ukunda, binti wa watu wa bara ya Kinango, ambaye kosa lake lilikuwa kwamba ndiye mgeni pekee aliyeingia chumba kile.

Mwanatumu alikuwa ameketi safu ya tatu, sahani mapajani. Alikuwa koplo wa upelelezi, lakini siku hiyo alikuja kama jirani, na dera lake jipya, na hakuwa na nia ya kupeleleza chochote isipokuwa sambusa. Aliposikia neno mwizi likitajwa mara ya tatu, aliweka sahani chini akaenda nyuma.

Caroline alikuwa amesimamishwa ukutani, brashi ya poda bado mkononi. Hakulia, wala hakupaza sauti. Alikuwa akimtazama kila asemaye, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejaribu kukumbuka nyuso.

"Bora umekuja," Bi Mwanaima alimwambia Mwanatumu. "Mpigie simu mkuu wako waje wamchukue huyu."

"Watakuja, Bi Mwanaima. Nipe muda mpaka magharibi kwanza."

"Muda wa nini? Bibi harusi hatoki bila mkufu, na wa upande wa bwana wanangoja. Bi Mwanasha, mkubwa wao, ndiye atakayemvisha kwa mkono wake, na yule mumewe alikuwa sonara. Nimwambie nini?"

"Mwambie bibi harusi anachelewa. Wanachelewa wote."

Mwanatumu aliwatoa watu chumbani akabaki na Hanifa na Caroline. Alijua kilichokuwa mizanini: mpambaji akitolewa na polisi mbele ya wanawake mia mbili, hata akiachiwa kesho, hakuna nyumba kutoka Diani hadi Vanga itakayomwita tena. Riziki yake yote ilikuwa katika lile begi la rangi na brashi. Mwanatumu alimwonea huruma, na alijionya pia kwamba huruma si ushahidi.

"Mara ya mwisho uliuona mkufu saa ngapi, mwanangu?"

"Saa kumi na dakika kumi," Hanifa alijibu. "Niliufungua nikautazama, kisha nikaenda chumba cha pili kuswali. Caroline alibaki."

"Nilibaki dakika tano hivi, Afande," Caroline alisema. "Pini za ushungi zilikwisha. Begi langu la pili lilikuwa kule mlangoni mwa mbele, kwa wale wanaokusanya simu. Nikalifuata. Nikazungukia nje, ubavuni, nisipite katikati ya wageni. Niliporudi sikugusa kikasha."

"Ulikutana na mtu?"

"Hapana. Nilisikia gari likiwashwa nyuma ya ukumbi. Nikadhani ni watu wa chakula."

"Lini hiyo?"

"Wakati narudi. Muda ule ule muziki ulikatika."

Mwanatumu alikumbuka vizuri. Wanawake walikuwa katikati ya kucheza, wimbo umekolea, mara kimya. Ukarudi, ukakatika tena. Halafu vipaza sauti vikatoa sauti nene ya mwanamume akisifu magodoro yasiyobonyea, ofa ya mwisho wa mwezi. Ukumbi ulicheka mpaka watoto wakashtuka. Mwanatumu naye alicheka, na kwa mazoea ya kazi alitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Alianza na aliyekuwa karibu. Bi Mwanaima alikuwa na sababu yake, maana mama yake Hanifa alipofariki, yeye alisema mbele ya watu kwamba mkufu ule ungemfaa. Lakini Mwanatumu mwenyewe alimwona safu ya mbele ubavuni mwa Bi Mwanasha tangu saa kumi mpaka alipoitwa, akimsimulia maradhi ya magoti. Huyo akatoka katika orodha ya kushukiwa.

Kisha mwanamke mmoja mlangoni akamnong'oneza, "Mtazame na Ummi. Muziki ulipokatika, mezani pake hakukuwa na mtu."

Ummi alikuwa binamu wa bibi harusi, na ndiye mpigaji muziki wa siku ile. Katika kupamba, sherehe ya wanawake watupu, simu za wageni hukusanywa mlangoni na kutiwa kikapuni, kila moja na namba yake, ili wanawake wavue buibui zao kwa amani bila kuogopa kupigwa picha. Simu mbili tu ziliruhusiwa kuingia ukumbini, zote za Ummi, na zote zilikuwa zimebandikwa plasta juu ya kamera.

"Ulikuwa wapi muziki ulipokatika?" Mwanatumu alimwuliza.

"Chini ya meza, Shangazi," Ummi alijibu, akimwita hivyo kwa heshima ya jirani, "nahangaika na waya. Nilidhani umelegea."

"Na haukulegea."

"Haukulegea. Kutazama simu, imeniandikia kwamba akaunti ya muziki inatumika kwenye simu nyingine. Nikabonyeza tena, ikanikata tena. Ndipo nikachomeka simu yangu ya pili, ambayo akaunti yake ni ya bure." Ummi aliinamisha uso. "Wale wa magodoro wakaingia. Nimeaibika, wallahi."

Mwanatumu alimwelewa kabisa. Yeye alikuwa mtu wa muziki wa bure mwaka wa nne sasa. Jikoni kwake aliomba taarabu akapewa kwanza sabuni, kisha mabati, kisha wimbo ambao hakuuomba, na ule aliouomba ukaja ameshamaliza kupika. Matangazo yote aliyajua kwa moyo, lile la magodoro likiwamo.

"Nieleze hiyo ya kulipia, mimi siijui."

"Haina tangazo. Unachagua wimbo unaoutaka wewe. Na unaweza kuzipakua nyimbo zikakaa simuni, ukasikiliza hata pasipo mtandao. Ila malipo ni ya mtu mmoja, na msikilizaji ni mmoja. Wa pili akipiga, wa kwanza anakatwa."

"Hata huyo wa pili akiwa mahali pasipo mtandao, anapiga zile alizopakua?"

Ummi alifikiri. "Hapo hanikati. Haitajua kama anasikiliza."

"Na mnaoitumia ni kina nani?"

"Watatu. Kaka Swabir ndiye alipaye, mimi na Hanifa tunamdandia tu. Leo ameniachia. Alisema hataigusa mpaka bibi harusi atoke."

Mwanatumu alikwenda mlangoni akaomba simu ya Hanifa. Ilikuwa kikapuni, namba kumi na nne, imezimwa tangu adhuhuri.

"Na Swabir yuko wapi?"

"Amefuata madafu shambani kwa mjomba, kule ndani Kikoneni," Ummi alisema. "Bado hajarudi."

Alirudi saa kumi na moja na nusu. Gari lake dogo jeupe lilisimama nyuma ya ukumbi, limejaa madafu mpaka kiti cha mbele. Swabir, kaka yake Hanifa, alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Diani, kijana mwenye adabu ambaye hakuna aliyepata kumsikia akigombana. Wapishi walimsimulia habari ya mkufu. Mwanatumu alimtazama kutoka dirishani. Swabir hakuuliza nani, wala vipi. Aliteremsha dafu moja moja, taratibu, akachukua karibu nusu saa. Mtu asiye na haraka hata ya kumjua mwizi wa mkufu wa mama yake, Mwanatumu aliwaza, akatoka nje.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Uliondoka hapa saa ngapi?"

"Saa tisa unusu hivi."

"Saa kumi na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

"Shambani. Mjomba anaangua, mimi napokea."

"Sikuweza kukupata kwa simu."

"Kule bondeni hakuna mtandao kabisa. Ukishapita mto, simu inakufa."

"Basi ulikosa hata muziki."

"Muziki ninao." Alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Nimezipakua nyimbo zangu zote. Nikiwasha tu gari, redio inaishika simu na wimbo unaanza wenyewe."

"Niwashie nisikie."

Swabir alimtazama, asielewe. Mle ukumbini Ummi alikuwa amerudi kwenye ile akaunti ya kulipia, na wanawake waliochoka kungoja walikuwa wakiimba pamoja na muziki. Swabir aliingia garini akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, redio ikawaka, wimbo ukaanza.

Na ukumbini pakawa kimya. Ilisikika minong'ono, kisha miguno, kisha ile sauti nene ya mwanamume ikatangaza magodoro yasiyobonyea.

Hakuna aliyecheka nje pale. Mkono wa Swabir ulikuwa bado kwenye ufunguo.

"Hivyo ndivyo ilivyokuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili," Mwanatumu alisema. "Ungekuwa bondeni usingemkata Ummi. Ulikuwa penye mtandao. Na Caroline alisikia gari likiwashwa hapa hapa uliposimama, dakika ile ile. Wenye akaunti ni watatu. Ummi alikuwa mezani, simu ya Hanifa iko kikapuni. Uliahidi hutaigusa, na hukuigusa, Swabir. Gari ndilo lililokugusia."

Swabir alizima injini. Aliinama, akaingiza mkono chini ya kiti akatoa mkufu umefungwa katika leso ya mkononi.

"Si dhahabu," alisema. "Ni shaba, imepakwa tu. Niliutengenezesha kwa fundi wa Mombasa."

"Na ule wa mama yako?"

"Mama aliuuza mwenyewe, Hanifa akiwa mwaka wa pili wa uuguzi. Ada ilikwama, na walikuwa wamemwambia asirudi. Mama akamwambia amepatiwa mfadhili. Akaniapisha nisiseme, kwa sababu Hanifa angejua angeliacha chuo siku hiyo hiyo. Kisha mama akafariki, na mimi nikabaki na kiapo." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilidhani atauvaa leo mara moja, nirudishe sandukuni, yaishe. Leo adhuhuri nikasikia kwamba Bi Mwanasha ndiye atakayemvisha. Mke wa sonara, Shangazi. Akiushika tu atajua, na watasema mama alimwoza mwanawe kwa dhahabu ya bandia. Nikaona heri uibwe. Chumba kilipobaki kitupu niliingia kwa mlango wa nyuma nikauchukua, ndipo nikafuata madafu. Kuibiwa hakumwaibishi mtu."

"Hakumwaibishi mtu?" Mwanatumu hakupaza sauti, lakini hasira ilimpanda kwelikweli. "Na Caroline?"

"Sikujua kwamba watamshika yeye."

"Ulidhani watamshika nani, Swabir? Bi Mwanasha? Umerudi hapa nusu saa nzima. Umeambiwa ni nani aliyesimamishwa ukutani. Ukaendelea kuteremsha madafu."

 Swabir alilia kama mtu mzima aliaye kwa nadra, bila kujua uso auweke wapi. Mwanatumu alimngoja. Alikuwa na mwana wa umri ule, na alijua kwamba mtu mwema hufanya ubaya mkubwa akiwa anaangalia upande mmoja tu.

"Njoo," alisema mwishowe. "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

Katika chumba cha nyuma Swabir alisema yote, amesimama, mbele ya dada yake, shangazi yake na Caroline. Hanifa aliushika ule mkufu wa shaba mkononi. Alikuwa kazini kama muuguzi mwaka wa tatu sasa. Kila mwisho wa mwezi alimwombea dua mfadhili asiyemjua jina.

"Mimi nilimwuliza mama jina la mfadhili," alisema. "Nikamwuliza mara nyingi. Akaniambia wewe soma tu." Kisha akalia, rangi yote ya macho ikamteremka mashavuni.

Swabir alimgeukia Caroline. "Nimekukosea. Niliona aibu ya kwetu, sikuiona yako."

 Caroline alivuta kiti akaketi mbele ya Hanifa, akaanza kumfuta uso kwa pamba. "Tulia, dada. Usipepese." Alipaka upya, polepole, jicho moja kisha la pili. Alipomaliza alifunga begi lake akasimama.

"Kazi yangu imekwisha," alisema. "Lakini sitoki kwa mlango huu wa nyuma. Niliitwa mwizi mbele ya watu. Mimi natoka na wewe."

Bi Mwanaima alitaka kusema kitu kuhusu desturi. Hanifa alikuwa ameshamshika Caroline mkono.

Walitoka hivyo, saa kumi na mbili na nusu, bibi harusi shingo tupu na mpambaji na begi lake. Vigelegele vilianza, vikafifia. Hanifa aliomba kipaza sauti kwa Ummi.

"Mkufu wa mama haukuibwa leo," alisema. "Mama aliuuza zamani, akanisomesha nao. Mimi sikujua. Huyu ni Caroline, amenipamba mimi, na hajaiba kitu cha mtu. Kama kuna wa upande wa bwana anayeona shingo yangu imepungukiwa, na aseme sasa."

Wote walimtazama Bi Mwanasha. Yule bibi aliinuka kwa taabu akaja mpaka mbele, akamtazama Hanifa shingo, kisha uso. "Umepambwa vizuri," alisema, akamgeukia Caroline. "Mjukuu wangu anaolewa mwezi ujao. Una nafasi?"

Caroline alifungua kinywa kumjibu akashindwa. Tangu saa kumi na nusu hakuwa ametoa chozi hata moja, na sasa yalimwagika yote kwa pamoja, mbele ya wanawake mia mbili. Bi Mwanaima alikuwa wa kwanza kumfikia. Hakusema neno, yeye ambaye sauti yake ilisikika hata barabarani. Alifungua leso yake mpya ya harusi akamfuta Caroline uso, na aliendelea kumfuta muda mrefu.