Mtu wa Ubaoni

Kila jioni baada ya kuchota maji, Apiyo aliketi mlangoni pa chumba chao mtaani Kiandutu, akafanya kazi ya ziada kabla giza halijaingia. Jumatano hiyo hakufungua daftari. Alikuwa akiitazama picha kuukuu ya meli ya mvuke aliyoletewa na mjomba wake, Absalom.

"Yule pale juu, mwenye sare nyeupe, ndiye babu yako," mjomba alikuwa amemwambia. "Nahodha! Ziwa lote lilimjua. Mwaka ni huo nyuma ya picha, 1952. Lakini usimwonyeshe dani, nyanya yako. Atalia bure."

Shuleni, Mwalimu Ngendo alikuwa ameahidi kwamba mwenye picha ya zamani kuliko zote ndiye angefungua maonyesho ya picha za familia na kuwahutubia wazazi. Picha ya Githae, mwanafunzi mwenzake, ilikuwa ya 1958. Apiyo alikuwa ameshinda tayari. Mbona basi moyo haukutulia? Wino wa ile tarehe ulikuwa mpya, ukampaka kidole. Uso wa nahodha ulifichwa na kofia. Na tangu lini dani, aliyemzika mumewe bila kutetereka, akalilia picha?

Kesho yake shuleni Githae aliinama akasoma herufi zilizokuwa ubavuni mwa meli.

"MWANGA. Ala! Mkoloni wa 1952 aipe meli yake jina la Kiswahili? Si hao walizipa majina ya mabibi zao? Apiyo, unatupiga chenga!"

"Wivu tu," Apiyo akamjibu. Lakini jioni alizisoma tena herufi zile, moja moja.

Jumamosi walikwenda Ruiru na mama kumwona Dani Wilkister. Mama alipotoka kwenda dukani, Apiyo akaitoa picha aliyokuwa ameificha ndani ya kitabu cha Sayansi.

Dani hakulia. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Huyu wa kofia simjui! Babu yako ni huyu hapa."

Kidole chake kilishuka hadi kwa mtu mwembamba aliyekalia ubao ulioning'inizwa kwa kamba, brashi mkononi. Apiyo alikuwa hajamtazama hata mara moja.

"Odongo alikuwa fundi wa rangi," dani akaeleza. "Meli hii kwanza iliitwa Lady Harcourt. Machi, mwaka uliofuata Uhuru, ikapewa jina letu, Mwangaza. Baadaye ikawa Ndere. Ona, hapa hajamaliza. Alianza asubuhi, na jioni ile ile akarudi nyumbani na rangi nyeupe kichwani. Nikamwambia amezeeka kwa siku moja!"

"Kwa hivyo ni 1964," Apiyo akanong'ona. Furaha ilimwingia, kisha ikamtoka. 1964 haikuishinda 1958.

Usiku wa Jumapili haukuwa na usingizi. Nani angejua akinyamaza? Lakini Jumatatu, kabla kengele haijalia, alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Ngendo akasema yote. Mwalimu aliifuta tarehe ya uongo, akampa Githae nafasi ya kuhutubia.

"Pole, nahodha!" Githae akamtania.

Siku ya maonyesho, Githae alihutubia vizuri. Baadaye wazazi walijazana mbele ya picha ya meli, kila mmoja akitaka kuonyeshwa lile jina lililokuwa bado linaandikwa. Mjomba Absalom alisimama nyuma yao, macho chini. Dani, aliyekuwa amekuja pia, akamwita.

"Nilitaka mtoto amheshimu babu yake, mama," mjomba akajitetea.

"Ulimvisha baba yako kofia ya mtu mwingine," dani akasema, "hata mjukuu akaipita mikono ya babu yake bila kuiona. Uongo wa kumsifu mtu nao ni uongo, Absalom. Humfuta yule yule unayetaka kumkuza. Wewe, Apiyo, ulipoona shaka uliuliza, na ulipojua ukasema, ingawa ilikugharimu. Ndivyo inavyotakiwa."

Mjomba alisogea polepole, akainama, akamtazama sana mtu wa ubaoni.