Jina Ndani ya Kola

Jumamosi ile mtaa wa vitambaa wa Los Angeles ulifurika watu, huoni pa kukanyaga. Wendell Tafoya, ambaye riziki yake ni kuanguka kutoka maghorofani badala ya waigizaji maarufu, alikuwa akipita zake tu. Mara jora jekundu likamdondokea kichwani.

"Usilikanyage! Hiyo ni bukta ya Kapteni Alfajiri!"

"Ahsante, dada, mimi sijaumia."

Perla Arreola akacheka, gauni lake la manjano limejaa pini kifuani. Alikuwa fundi wa mavazi ya sinema, tena sinema ileile ya shujaa Kapteni Alfajiri aliyoajiriwa Wendell. Dunia ndogo jamani!

"Bukta juu ya suruali?" Wendell akamchokoza. "Siku hizi mashujaa wanavaa ngozi nyeusi."

"Kama wanaenda mazikoni! Mtoto akitazama juu akaona nyekundu, buluu na joho linapepea, anajua ameokoka. Wewe hukuwahi kuwa mtoto?"

Aliwahi. Alikuwa akijifunga taulo shingoni na kuruka kutoka juu ya kabati. Siri hiyo alimpa Perla palepale, na moyo ukamwenda.

Wakawa chanda na pete.

"Umeanguka mara ngapi leo, mpenzi?"

"Saba. Ya nane ni kwako."

"Muongo wewe! Basi nakushonea vazi kwa mkono wangu, kila mchomo wa sindano."

Siku ya kuruka ikafika. Wendell alijitazama kiooni, buluu, bukta nyekundu na joho la dhahabu, akahisi kama anaota. Kisha akaigeuza kola. Kwa desturi ya kazi yao, vazi la nyota hutiwa jina, la mtu wa kuanguka huwa na namba tu. Humo mlikuwa na jina la nyota, kwa mkono wa Perla: TRENT.

Kumbe alikuwa akimshonea Trent! Wendell akaruka, akalivua, akaondoka bila kuaga. Siku nne hakupokea simu za Perla. Wivu ulimla, akakubali kazi ya mbali, Atlanta.

Alipokuwa akifunga begi, simu ikalia kwa namba ngeni.

"Usikate, Wendell. Swali moja tu. Vazi lile lilikupwaya?"

"Hapana."

"Lilikubana?"

"Halikunibana popote."

"Trent ana kifua kama friji! Vazi la kushika mwili halisemi uongo, mpenzi. Nililikata kwa vipimo vyako. Jina la Trent nilitia ili bosi aniruhusu kulishona kwa mkono, maana la mtu wa kuanguka hushonwa kwa mashine tu."

"Kwa nini, Perla?"

"Trent wataona uso wake. Anayepaa ni wewe. Nilitaka watoto wakuone wewe." Akavuta kamasi. "Jana Trent kalijaribu, likapasuka mgongoni. Nimefukuzwa."

Wendell akakaa kitako juu ya begi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Uko wapi?"

"Nje ya mlango wako, bwege wewe."

Akafungua. Perla macho yamemvimba, nywele timtim, na hajawahi kuwa mzuri namna ile.

"Perla, nisamehe. Nikuoe?"

"Sina kazi, Wendell."

"Sijaiposa kazi yako."

Perla akamwangukia kifuani, naye akamdaka.